Nendeni Tu, Mimi Nitabaki

Upepo wa kusi, ambao mabaharia wa mwambao walikuwa wakiungojea ili warejee Arabuni baada ya kumaliza biashara zao Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa, una kazi nyengine huko unakoishia. Katika miezi ya Juni na Julai, unapokuwa mkali kiasi cha majahazi kutothubutu kutweka, huyasukuma maji ya juu ya pwani ya Dhofar, kusini mwa Omani, na maji ya baridi ya kina yakapanda kushika nafasi iliyoachwa. Hewa yenye unyevu ipitayo juu ya baridi hiyo hugeuka ukungu. Ukungu husukumwa hadi kwenye milima ya Qara, ukashindwa kuivuka, ukakaa. Hapo ndipo, katikati ya kiangazi ambacho huko Maskati mtu haugusi mlango wa gari ila kwa kitambaa, milima ya Salalah inapovaa kijani, manyunyu hayakatiki, na makorongo yaliyokuwa makavu tangu mwaka uliopita huanza kumwaga maji. Waarabu huyaita majira hayo kharifu, neno ambalo kwengineko lina maana ya msimu wa majani kupukutika. Dhofar ni msimu wa majani kuota. Huhesabiwa tangu tarehe 21 Juni hadi 21 Septemba.

Ndiyo maana shule zinapofungwa, barabara itokayo Maskati kwenda Salalah hujaa magari ya familia. Ni safari ya kilomita 1,000 hivi, kupitia Nizwa, Adam, Haima na Thumrait, na sehemu kubwa yake ni jangwa tambarare lisilo hata kichaka cha kumpumzisha dereva macho. Kisha, baada ya Thumrait, barabara huteremka mlima na dunia hubadilika ghafla: nyuma mchanga, mbele ukungu, na ng'ombe wanaovuka njia bila ya kumjali mtu.

Miongoni mwa familia hizo zimo nyingi ambazo Kiswahili ndiyo lugha ya garini, au angalau ndiyo lugha ya kiti anachokalia bibi. Hao ni watu wa Unguja na Pemba, na wengine wa mrima, ambao wazee wao walihamia Omani baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, na kwa wingi zaidi baada ya mwaka 1970, Sultani Qaboos bin Said aliposhika nchi na milango ikafunguliwa. Wajukuu humjibu bibi kwa Kiarabu au Kiingereza, naye huwajibu kwa Kiswahili, na mazungumzo huendelea hivyo kilomita 1,000 bila ya mtu kuona ajabu. Kwa bibi kama huyo Salalah ina siri yake. Ndio mji wa Omani wenye minazi, migomba na mipapai, na vibanda vya madafu vimejipanga kando ya barabara. Huteremka garini akasimama mbele ya kibanda kwa muda mrefu kuliko haja ya dafu.

Lakini watoto hawakuja kwa ajili ya madafu. Wamekuja kuona maporomoko. Bonde la Darbat lina sehemu ambazo gari hufika karibu na maji. Lina pia ule ukuta mkubwa wa mawe ya chokaa, wa kiasi cha mita 100, ambao maji hayauporomokei ila baada ya mvua isiyo ya kawaida, kama ile iliyoletwa na kimbunga Mekunu mwezi wa Mei 2018. Kwengineko, kama kwenye chemchemi ya Athum, gari huachwa nyuma na kilichobaki ni cha miguu: mawe, tope, utelezi, na sauti ya maji inayosikika kabla ya maji yenyewe kuonekana. Hapo bibi, mwenye miaka 70 na ushei na magoti yaliyokwisha kukataa ngazi, huwatazama wote akasema: "Nendeni tu, mimi nitabaki hapa. Hapa pazuri."

Nao huenda.

Je, wametendeana haki? Swali hili linaweza kuonekana dogo, la kuzungumzwa kwenye kahawa na kusahauliwa kikombe kikiisha. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyedhulumiwa mali, na aliyebaki amebaki kwa kauli yake mwenyewe. Hata hivyo mambo mengi wanayotendeana watu wanaopendana huwa ya ukubwa huu huu. Mtu akingojea dhuluma kubwa ndipo afikiri, atamaliza maisha yake nyumbani bila ya kuwahi kufikiri.

Uzito wa suala umo katika lile neno "tu". Katika nyumba ya Kiswahili mgeni akikaribishwa chakula husema ameshiba, na hakuna anayemwamini. Mwenyeji hukariri, mgeni hukataa, mwenyeji huapa, mgeni husogea. Neno la kwanza si jawabu, ni adabu. Jawabu huja la pili au la tatu, na mara nyengine haliji kwa ulimi kabisa ila hutambulikana kwa namna mkono unavyokwenda kwenye sinia. Mwenyeji atakayelipokea "nimeshiba" la mwanzo akaondoa chakula atasemwa mtaa mzima, ijapokuwa hakufanya lolote ila kuiamini kauli ya mgeni wake. Wazee walikwenda mbali zaidi wakasema mgonjwa haulizwi uji, kwa kuwa kumuuliza ni kumlazimisha akatae.

Sasa watu hao hao, waliolelewa kwa mila hiyo na wanaoishika hadi leo ughaibuni, imekuwaje wakaliamini neno la kwanza la bibi? Mbona hakuna aliyekariri? Mbona hakuna aliyeapa?

Jawabu halipendezi. Kumsisitiza mgeni kunagharimu wali. Kumsisitiza bibi kunagharimu maporomoko. Neno la adabu huaminiwa upesi linapoafikiana na haja ya msikilizaji, na huchunguzwa kwa makini pale ambapo kulichunguza hakumpotezei kitu. Hii haina maana ya kuwa wana na wajukuu ni wabaya. Ina maana ya kuwa masikio yao, kama masikio ya watu wote, yana upande, na upande huo haujulikani hata na wenye masikio. Aliyesikia "nendeni tu" na miguu yake tayari imo majini kwa fikra, hakuisikia "tu". Alisikia "nendeni".

Yuko atakayepinga, na hoja yake si ya kudharauliwa. Atasema bibi si mtoto. Amezika mume, ameuza dhahabu zake kusomesha watoto, amehama nchi na sanduku moja akaanza maisha mapya katika mji asioujua hata soko lake. Mtu wa namna hiyo akisema atabaki, basi atabaki, na anayedai kuujua moyo wake kuliko ulimi wake anamvunjia heshima kwa jina la mapenzi. Wazee wengi hufanyiwa hivyo: hukatiwa shauri la chakula, la daktari, la nguo, hadi mwishoni kauli yao hubaki kama saa ya ukutani iliyosimama, ipo kwa pambo. Kumwamini bibi, kwa hoja hii, ndiyo heshima iliyobaki.

Hoja hiyo ingetosha lau bibi angekuwa na njia mbili mbele yake wakati anasema. Lakini itazamwe hali yenyewe. Gari limekwisha kuegeshwa. Watoto wamekwisha kuvua viatu. Kijana mkubwa ameshika simu juu, anapiga picha ukungu. Safari ya saa kumi na zaidi imefanywa, hoteli imelipwa kwa bei ya msimu, na macho yote yamegeuka kumtazama yeye. Angesema nini? "Msiende"? "Nibebeni"? Kauli iliyobakia katika lugha yake, katika malezi yake na katika dakika ile, ilikuwa moja tu, na mtu mwenye kauli moja hawezi kuambiwa kuwa amechagua. Hewala haigombi, wanasema watu wa pwani. Wala hawasemi kuwa hewala imeridhika.

Wapo vijana wenye moyo ambao, katika hali hiyo, humkalisha bibi juu ya kiti cha plastiki wakambeba wanne hadi majini. Jambo hilo huonekana zuri sana pichani. Pengine ni zuri kweli, ikiwa bibi ni wa kucheka na hajali. Lakini mwanamke aliyetembea maisha yake yote kwa stara, anayejua hata namna ya kushika ukingo wa buibui upepo ukija, hupandishwa mbele ya wageni wasiohesabika kama kabati linalohamishwa, na kila mwenye simu anamwelekezea. Akiteremshwa atawashukuru. Atawashukuru kwa sauti ile ile aliyosemea "nendeni tu".

Wengine huona bora familia nzima ibaki. Ikiwa bibi haendi, haendi mtu. Uamuzi huu una sura ya haki lakini humwekea bibi mzigo ambao alisema maneno yale ili aukwepe, nao ni kuwa yeye ndiye mwiba wa safari. Watoto hununa; mdogo wao huuliza mara saba kwa nini; baba hujibu kwa upole mara nne na kwa ukali mara tatu; na kila jibu linamlenga bibi hata likipita pembeni. Familia iliyoungana kwa namna hii, ikiwa imekaa garini na vioo vimepanda kwa manyunyu, haijaungana kwa lolote la kuhusudiwa.

Tena kuna jambo jengine ndani yake. Huenda bibi alitoa ruhusa kwa ukarimu wa kweli, kwa sababu ndicho kitu cha mwisho alichokuwa nacho cha kutoa. Hana tena nguvu za kupika futari ya watu ishirini, hana dhahabu ya kuuza, hadithi zake wajukuu hawazifahamu nusu. Lakini anaweza kuwafungulia njia. Mwana Kupona binti Msham, alipotunga utenzi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, alimwita binti yake aje na wino na karatasi. Mafunzo aliyompa yanaweza kujadiliwa, na yamejadiliwa sana. Hali ya utungo wenyewe haina mjadala. Aliyekuwa akibaki alikuwa anampa kitu aliyekuwa akienda. Binti angalisema hataki wosia, kwa kuwa kuupokea ni kukubali kuwa mama anaondoka, je, hilo lingekuwa pendo au lingekuwa kumnyima mama neno lake?

Basi kupokea ruhusa ni kosa, na kuikataa ni kosa? Fikra ikifika hapa aghalabu mtu hutupa mikono akasema kila jambo lina pande zake. Lakini mtego huu una mlango, na mlango wenyewe hauko kwenye mawe ya Athum.

Katika sala ya jamaa imamu hutakiwa akhafifishe, kwa kuwa nyuma yake wamo wazee, wagonjwa na wenye haja zao. Jambo la kutazamwa hapa ni namna anavyolitekeleza. Haulizi. Hageuki kabla ya takbira akamwambia mzee wa safu ya tatu, "Je, nisome sura ndefu, nawe ukae ukichoka?" Lau angeuliza, mzee angejibu kwa adabu, na sura ndefu ingesomwa kwa ruhusa yake. Imamu anamjua mzee yuko, anaipima sala kabla ya kuianza, na mzee hatambui hata kuwa amefanyiwa hisani. Huo ndio uji usioulizwa.

Kwa kipimo hicho kosa la familia, ikiwa lipo, halikutendeka pale bibi aliposema na wao wakaenda. Lilitendeka wiki mbili nyuma, Maskati, walipokaa sebuleni kupanga safari. Bibi aliulizwa kama dawa zake za presha zitatosha. Aliulizwa kama anapendelea kukaa mbele au nyuma. Hakuulizwa, wala hakuhesabiwa bila ya kuulizwa, katika suala la wapi waende. Darbat, ambako maji hufikika kwa gari na mkeka hutandikwa juu ya majani, ilikuwa mahali pamoja, Athum pengine. Aliyepanga alijua tofauti yake, kwa sababu alikwenda mwaka jana. Ratiba iliyotungwa kwa kipimo cha miguu ya miaka kumi na mitano ilikwisha kumwacha bibi nyuma kabla hata gari halijatiwa petroli, na neno lake la kwenye mawe lilikuwa ni sahihi ya hati iliyokwisha kuandikwa.

Wala haifuati kuwa vijana hawana haki. Mtoto wa miaka 12 anayetaka kupanda mawe anataka kitu halali, na kharifu hudumu miezi mitatu, tena si kila mwaka hutoa maji ya kutosha. Kuna miaka manyunyu huwa hafifu, na korongo linalosifiwa hubaki na alama ya unyevu tu. Anayemwambia mtoto "mwakani" anamwahidi asichokimiliki. Tena watoto hao wanahitaji mtu mzima wa kuwashika. Mwezi wa Julai 2022 huko Mughsail, magharibi ya Salalah, watu wa familia waliovuka kizuizi ili wayakaribie mawimbi walichukuliwa na bahari, na si wote waliookolewa. Dhofar ya kharifu ni nzuri na inateleza. Baba ana mikono miwili, na penye utelezi haiwezekani mmoja ukawa kwa mama yake na mwengine kwa watoto watatu. Kwa hiyo kugawanyika kwa familia si lazima kuwe dhambi. Siku moja huwa ya Athum na siku ya pili huwa ya Darbat, na siku ya Darbat ikitangulia, bibi akafika majini akatia miguu yake, basi siku ya Athum neno lake "nendeni tu" huwa na maana nyengine kabisa. Husemwa na mtu aliyekwisha kupata fungu lake. Maneno yale yale, sauti ile ile, lakini sasa ana njia mbili za kusema, naye amechagua moja.

Hapo pana swali ambalo familia hulipita haraka mno: ni nani atakayebaki naye? Kwa kuwa bibi habaki peke yake. Hilo hata wasiofikiri hulijua. Ikitazamwe vizuri, anayebaki ni yule yule kila safari. Mwana wa kiume ndiye dereva na ndiye mshika watoto. Binti ana mtoto mchanga, au ana simu ya kuchajiwa. Mkaza mwana ndiye husema, "Nyinyi nendeni, mimi nitakaa na mama." Nalo ni neno la kwanza, na halikaririwi na mtu. Adabu ya bibi hukaa juu ya adabu ya mkaza mwana kama sahani juu ya sahani, na ya chini ndiyo inayobeba. Bibi analijua jambo hilo vizuri kuliko wote, kwa kuwa yeye naye aliwahi kuwa mkaza mwana wa mtu, na huenda sehemu ya uzito wa siku ile ni kumwona mwanamke wa miaka 30 na kitu akimimina chai kutoka kwenye chupa, macho yake yakifuata njia waliyopita wenzake.

Na chini ya sahani hizo mbili kuna ya tatu. Katika magari mengi yanayoteremka mlima kutoka Thumrait, kiti cha nyuma kabisa, baina ya masanduku na boksi la barafu, amekaa mfanyakazi wa nyumbani. Familia za Kiswahili mara nyengine huchukua msichana kutoka Tanzania ili azungumze na bibi. Huyu hasemi "nendeni tu". Hakupewa nafasi ya kusema neno la adabu, kwa kuwa adabu huonyeshwa na mtu ambaye angeweza kutaka. Kubaki kwake ni sehemu ya kazi, kama kuosha vikombe. Mkaza mwana akishawishiwa mwishoni akaenda, furaha huwa kubwa na wote humsifu mume kwa kumfikiria mkewe. Na njia iliyowezesha fikra hiyo njema ni kuwa yupo mtu wa kukaa mkekani.

Na achukuliwe kuwa msichana huyo ametoka Kilimanjaro, juu ya Moshi, pande za Uru, kuliko na maporomoko ya Materuni. Huko maji huanguka kiasi cha mita 80 katikati ya migomba na mibuni, mwezi wa Januari na mwezi wa Julai, bila ya kungojea upepo wa mtu. Amekulia kwenye sauti hiyo. Amewahi kutumwa njia za mtoni na ndoo kichwani, akateleza, akapigwa kwa maji yaliyomwagika. Sasa amevushwa bahari, amesafirishwa kilomita 1,000 jangwani pamoja na watu waliokuja kutafuta kile alichokiacha nyuma ya nyumba yao, na amekaa umbali wa kusikia.

Wenzao wamekwisha kupotea nyuma ya ukungu. Bibi ameegemea mto, ananyosha goti. Sauti ya maji inakuja na kupotea kwa kadiri ya upepo. Kwa muda hapana anayesema kitu. Kisha bibi, ambaye safari nzima alikuwa akiulizwa yeye kama yuko sawa, anamgeukia msichana na kumuuliza kama kwao kuna maji ya namna hii.